Zimwi Limekuwa Fupi

Rangi ya kijani ilikuwa kwenye kucha za Kristian tena, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi tena.

Yunis, mkewe, aliiona pale mumewe aliponawa mikono ale. Kristian alisugua, akasugua, ikabaki pembeni mwa kucha kama mchicha uliokwama kwenye meno.

“Umetoka wapi, mume wangu?”

“Shambani. Nimepulizia nyanya dawa.”

Dawa ya nyanya Yunis anaijua. Ni ya bluu.

Mama mkwe, Bibi Evelina, alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, anajikanda kiuno. “Mwache mwanangu ale,” alisema. “Leo alinipeleka kwenye maombi kwa pikipiki yake. Tumerudi wote.”

Yunis akapakua ugali. Kesho yake akakutana bombani na Eliza, wa umoja wa kina mama kanisani, akamuuliza maombi ya jana yalikuwaje. Eliza akatua ndoo.

“Ya jana? Si tulishahamishia Jumatano tangu masika? Mama mkwe wako mwenyewe ndiye aliyetaka.”

Basi. Mwana anadanganya, na mama anamfichia.

Na mama mwenyewe ndiye mwenyekiti wa hao kina mama! Mtu aliyewahi kuvuka uzio akazime televisheni ya jirani kwa mkono wake, eti inaonyesha mazimwi. “Shetani anaingilia machoni!” Heshima nayo, ndiyo usiseme. Umsalimie akiwa anasinzia, akiwa anakugombeza, akiwa na jino linauma, atakata alichokuwa akifanya akuitikie kwa mvuto wake uleule: “Marahabaaa, mwanangu. Mmeamkaje huko kwenu? Na mama yako?” Hata kama mama yako amekaa hapohapo.

Jioni moja bibi akawategea kitendawili. “Nina mnyama wangu. Akipita watu wanakimbia, kumbe tumboni mwake mtu anacheka.”

Kristian akapaliwa na ugali. Yunis alifikiri, akashindwa.

“Nipe mji,” bibi akadai.

“Chukua Lushoto, mama.”

“Lushoto ni mdogo kwa kitendawili hiki,” bibi akasema, akageukia chai yake. Jibu hakulitoa. Yunis aliwatazama wote wawili, mama na mwana, wanavyokwepana macho ili wasicheke, akaona mnyama huyo anayechekwa ni yeye.

Alhamisi hizo zikaja zikaisha. Baridi ikapita, kucha zikatakata, Yunis akaanza kusahau. Mpaka asubuhi moja akamsikia Kristian nyuma ya banda la ng'ombe, anaongea kwenye simu kwa sauti ya chini.

“Tunaanza tena? Haya. Nguo bado inamkaa vizuri, usijali. Zipu nitamfunga mwenyewe, kama siku zile.”

Yunis hakumwaga chozi. Alifunga nguo zake kwenye begi, akateremka Soni kutafuta gari la Mombo, arudi kwao Korogwe.

Pale Soni kuna saluni ya Salama. Kwa Salama ndiko Yunis alikokuwa akiibia raha yake. Nyumbani husema anakwenda kusuka, na kweli anasukwa, maana asiporudi na kichwa kipya ataulizwa alikuwa wapi. Lakini kinachompeleka ni filamu za mazimwi, na si zile nzuri. Anapenda zile mbovu kabisa, ambazo damu inatoka mtu hajaumwa, na mkia wa zimwi unabaki mlangoni lenyewe limeshaingia. Hapo hucheka mpaka akajishika mbavu, kisha anarudi kwa mama mkwe uso umemkauka kama ametoka mazikoni.

“Shoga, na begi tena? Unahama?” Salama akauliza. Kisha akamtazama vizuri machoni. “Kaa kwanza. Gari halijajaa. Sehemu ya pili ya ile filamu ya zimwi imetoka leo.”

Yunis akakaa. Kama ni kuondoka, aondoke ameliona zimwi.

Sehemu ya pili ilikuwa mbovu kuliko ya kwanza. Magamba yalikuwa ya magunia yaliyopakwa rangi.

“Hee, zimwi limekuwa fupi!” Salama akasema. “Lile la kwanza si lilikuwa linagusa dari? Angalia na mwendo wake, kama limebeba kuni.”

“Na zipu hiyo mgongoni,” Yunis akacheka, kisha kicheko kikamkatika. “Salama, huo msitu si wa huku kwetu?”

“Ndiyo, walikuja kupiga filamu huku wakati wa baridi. Hukusikia?”

Pembeni mwa picha, ambapo hakutakiwa kuonekana mtu, mwanaume mmoja mwenye kopo na brashi alijitokeza nyuma ya mti, akashtuka, akajificha.

“Rudisha nyuma!”

Salama akarudisha. Kopo la rangi ya kijani. Kristian.

“Huyo si shemeji?”

Yunis alicheka mpaka machozi aliyoyazuia asubuhi yote yakapata njia. Kijani. Zipu. Alhamisi zote zile mumewe alikuwa anapaka zimwi rangi! Akalisukuma begi kwa mguu, likaingia chini ya kiti. Kitu kimoja tu kilibaki kinamkereketa. Mtu wa kupaka rangi tu, mama yake ahamishe maombi na kudanganya kwa ajili yake, kwa nini?

Kwenye televisheni, kijana aliyekuwa akikimbizwa aliteleza kwenye tope, akaanguka chali mbele ya zimwi. Makucha yakapanda juu. Kijana akaliangalia usoni, na yakamtoka maneno ambayo hayakuwa ya filamu.

“Shikamoo!”

Makucha yakashuka. Mngurumo ukakatika katikati.

“Marahabaaa, mwanangu,” zimwi likaitikia. “Mmeamkaje huko kwenu? Na mama yako?”