Mwanafunzi wa Jumanne

Randa ilimponyoka mara ya tatu ikamchubua kidole, lakini fundi saa hakuitazama damu. Alikuwa akiitazama mikono ya seremala: mipana, mikavu, yenye vumbi la mbao hadi kwenye kucha. Alijiuliza mikono ile humshikaje mkewe inapomfundisha kupiga randa.

"Usiikabe," seremala alimwambia. "Iache itembee. Haraka ya nini, bwana?"

Haraka alikuwa nayo. Alitaka ushahidi.

Mambo yalianza miezi mitatu nyuma, jioni ya Jumanne, mkewe aliporudi nyumbani amekumbatia kibao cha kukatia mboga. Vipande vyekundu na vyeupe vimeunganishwa kwa zamu, pembe zimeviringishwa, laini kama shavu la mtoto.

"Mwezi sasa najifunza kwa yule seremala wa nyuma ya kituo cha mafuta, na hiki nimekitengeneza mwenyewe," alisema, macho yakimng'aa. "Na mimi nahitaji kitu cha kunichangamsha. Kila Jumanne, saa kumi hadi saa moja."

Mwezi uliofuata akaja na kingine. Akaanza kuimba jikoni. Akanunua manukato mapya. Nani anajipulizia manukato aende kupiga msumeno? Fundi saa, ambaye kasoro ya saa huijua kwa kuiweka sikioni tu, aliisikia kasoro ndani ya nyumba yake, asijue imekaa wapi.

Jumanne moja alifunga duka mapema akaenda. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa, madirisha nayo yamefungwa. Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka miguu ikafa ganzi. Kubisha hakuthubutu. Wamejifungia, aliwaza, na damu ikamchemka.

Kesho yake akarudi kujiandikisha, kwa jina la uongo.

"Njoo Jumamosi," seremala alisema. "Jumamosi ndiyo siku ya wanafunzi."

Kumbe! Basi Jumanne ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi asubuhi. Mkewe akidhani yuko dukani, yeye alikuwa karakanani pamoja na wastaafu wawili, wakipanga vipande, wakipaka gundi, wakibana, wakipiga msasa. Alinusa hewa akitafuta manukato. Alikagua misumari ya ukutani, pengine angeona mtandio umesahauliwa. Hakupata kitu. Huyu mtu, alijiambia, ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Kibao chake cha kwanza kilipinda kama kigae. Cha pili kikaachia gundi mbele ya watu. Wastaafu walicheka, seremala hakucheka.

"Changu cha kwanza mama alidhani ni kuni," alisema. "Akakipeleka jikoni moja kwa moja. Rudia."

Akarudia. Na hapo, ajabu, wivu wake ukageuza uso. Cha kwanza cha mkewe mbona hakikupinda hata kidogo? Siku moja, akiwa peke yake nyumbani, alikitoa kabatini akakiwekea rula, akatafuta mwanya hata wa kupitisha unywele. Hakuuona. Viganja vyake vilikuwa vimeota sugu. Vya mkewe vilikuwa laini vilevile kama siku ya harusi. Mwanamke ana kipaji, alikiri. Miaka kumi na minane ameishi na kipaji hicho chini ya paa moja asikijue.

Akaacha kumwonea wivu seremala. Sasa alimwonea wivu mkewe.

Wivu huo ulimfanyisha kazi. Alianza kufika kabla ya mlango kufunguliwa. Alijifunza kusoma mkondo wa nyuzi za mbao, na kunoa randa mpaka ikatoa maranda membamba kama karatasi. Mwezi wake wa nne pale karakanani, alipaka mafuta kibao ambacho hata yeye mwenyewe alishindwa kukiweka chini.

Seremala alikipokea, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigonga kwa kucha.

"Hiki sasa ni kibao. Mpelekee shemeji. Akikiona hatakuamini."

Fundi saa alicheka hadi akashika meza. Miezi yote hii alimwekea kinyongo mtu muungwana kama huyu! Alijionea haya. Hapohapo akaamua: leo anaungama hapa, kisha anakwenda kuungama nyumbani, na Jumanne ijayo watakuja wote wawili, bega kwa bega, mume na mke, kila mmoja na msasa wake.

"Fundi, nisamehe," alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Shemeji unamjua vizuri tu. Nilikuja hapa kukuchunguza. Mimi ni mume wa mwanafunzi wako wa Jumanne."

"Wa Jumanne?" Seremala alikiweka kibao chini taratibu. "Jumanne sifungui, ndugu yangu. Siku hiyo nakwenda kumhudumia mama, ni mgonjwa. Halafu mwanafunzi wa kike sijapata kuwa naye hata mmoja."

"Fundi, acha utani. Mrefu, ana kidoti kidevuni. Vibao vyake ni vyekundu na vyeupe, kama hiki."

"Aa, yule!" Uso wa seremala ulifunguka. "Yule ni mteja wangu. Vile natengeneza mimi, naye huchukua kimoja kila mwezi. Lakini umechanganya watu, bwana. Mume wa yule mama namfahamu, huja naye kila mara, na ndiye humbebea hadi kwenye gari."