Viti Viwili

Kwa miaka minne Mwantumu aliunganisha ndege ndogo uani kwake, kipande kwa kipande kutoka kwenye makasha. Mabawa ya kwanza yaliteketezwa na shemeji yake, Faki, aliyesema mjane hana haja ya kuruka.

Asubuhi daraja liliposombwa na mafuriko, Faki alifika mbio, amembeba mkewe aliyezidiwa na uchungu wa uzazi.

“Shemeji, nakuomba, tuvushe hospitali!”

Mwantumu alimfunga mgonjwa mkanda taratibu. Faki naye akataka kupanda.

“Viti ni viwili. Wewe baki papo hapo uliponichomea mabawa. Habari za mkeo utazipata siku nitakayopenda kurudi.”

Ndege ikashika barabara, ikapaa. Faki aliikimbilia mpaka maji yakamfika kiunoni, akasimama, uso juu, akitega sikio.