Kopo la Majivu

Zilibaki sekunde tisa za fainali ya mpira wa kikapu, na timu ya kina Wachuka ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Kocha hakujisumbua kuchora mpango wowote.

"Mpira apewe Wachuka. Nyinyi wengine mtoke njiani."

Halikuwa jambo jipya. Kati ya pointi zao arobaini na mbili, thelathini na tano alikuwa amezifunga yeye.

Wachuka aliinama kuchota majivu. Uwanja wa Nyeri hauna paa, na kukiwa na manyunyu, kama siku hiyo, mpira huteleza kama sabuni, kwa hivyo wasichana hubeba majivu ya jikoni kwenye kopo la rangi na kujipaka viganjani. Kopo lilikuwa tupu.

"Nani amemaliza?"

"Ni mimi," alisema mwenzake mmoja mrefu, msichana wa kutoka Mukurweini, ambaye kazi yake ni kusimama chini ya goli. "Pole. Nimekuwa nikijipaka kila tukienda mbele."

"Na hujapewa mpira hata mara moja!"

"Nilifikiria ati labda mpira itakuja, ipate mikono iko na maji."

Filimbi ikalia. Wachuka akapokea mpira, akakata kushoto, na wapinzani watatu wakamzunguka. Watu wote uwanjani walikuwa wakiita jina lake, kocha akiwashinda kwa sauti.

Chini ya kwapa la mmoja wa wale watatu akaona viganja viwili vya kijivu, vimeinuliwa vilevile vilivyokuwa vimeinuliwa tangu mchezo uanze saa nane.

Akaruka kana kwamba anafunga. Akiwa hewani, akaupeleka huko.

Viganja vikaudaka, pa! Vikavu kabisa.