Kilo Kumi na Sita

Sheria imekataza kuzima usahihishaji wa kiotomatiki kwenye kihariri, ile programu tunayoandikia msimbo wa kompyuta. Nimekisakinisha changu upya, nimechezea mipangilio yote, wapi! Nataka kurekebisha msimbo wa mashine inayompimia mwanangu Zuhura dawa ya figo. Naandika uzito wake wa leo, kilo ishirini. Kihariri kinafuta, kinarudisha kumi na sita za mwaka jana.

"Mama Zuhura, kimekubali?" anauliza Mbwana, mume wangu.

"Hakikubali! Kinaniambia nimekosea. Dawa haimtoshi tena, na mtoto anazidi kukua!"

Mbwana anamwondolea Zuhura sahani ya wali iliyo mbele yake.

"Baba, bado sijashiba."

"Najua, mwanangu. Lazima urudi kilo kumi na sita."

Nami mama yake simzuii.