Nyegere na Jiwe la Pango

Zamani za wanyama, maji yote yalikuwa ndani ya pango moja, na mlango wake ulikuwa jiwe zito. Kila mmoja alipoingia kuteka, mwenzake alilishikilia jiwe kwa bega lisije likamfungia.

Siku moja Nyegere alikuwa amemshikilia Kobe jiwe, Kobe yumo ndani. Akatokea Fisi na amri ya Simba: Nyegere auawe kwa kumtukana mfalme.

Nyegere akacheka. "Mila unaijua, bwana. Mwenye jiwe haguswi mpaka wa ndani atoke."

Fisi akaketi kungoja. Nyegere akapaza sauti pangoni: "Shemeji Kobe, usiwe na haraka! Katafute maji matamu, kule mbali!"

Kobe akatii. Huko mbali akateleza, akatumbukia shimoni, akafa, na wa nje hawakujua.

Kukacha, kukachwa. Jiwe likamlalia Nyegere, likamvunja bega, asiweze tena kulisukuma wala kujinasua. Kiu ikamkausha ulimi.

"Fisi, ndugu yangu," akalia, "amri si unayo? Niue basi."

"Ninayo," Fisi akajibu, naye amechoka. "Lakini Kobe hajatoka."