Kikanyagio cha Kushoto

"Habuba, vikanyagio vya pikipiki huuzwa viwili viwili," muuza vipuri wa soko la Konyo Konyo aliniambia, akiniita bibi kwa heshima.

"Mimi nataka cha kushoto tu. Mwanamke hukaa nyuma, kwa upande."

Akacheka, akanitolea kikuukuu. Raba yake ilikuwa imelika katikati, kisigino cha mwanamke mwingine kimeila kwa miaka. Nikaingiza kidole kwenye kile kishimo, kikaenea.

Pikipiki nilikuwa nimeisukuma mwenyewe kutoka nyumbani. Tangu tumzike Igga, mume wangu aliyekuwa akiniendesha, nimeitafutia mnyororo, taa, hata kiti, kimoja kimoja. Jioni huifuta vumbi nikaisimulia habari za soko, maana nyumbani hakuna mwingine wa kusikia. Kilichobaki ni kikanyagio changu tu.

Muuzaji akakifunga, akaipiga pikipiki teke la kuiwasha, ikanguruma kwa sauti yake ileile. Nikakaa nyuma, upande, kama zamani. Mkono ukatafuta mgongo wa kushika.

"Haya bibi, nani anakuendesha?"

Nikashuka polepole.

"Sogea kidogo, mwanangu," nikamwambia.

Nikaikunja lawa, shuka niliyojifunga begani, hadi juu ya magoti, nikapanda mbele, mguu huku, mguu kule.