Salome Yuko Peke Yake Ndani

Uvumi ule haukumtoka Bernadina kichwani. Aliusikia kwenye mashine ya kusaga pale Magoma, wanawake wakisubiri zamu zao: eti upande wa Handeni kuna kituo cha afya ambacho msichana akiachwa peke yake chumba cha uzazi, hatoki akiwa yule yule. Mmoja alirudishwa kwao Kilole, na mpaka leo akisikia kichanga kinalia anaziba masikio.

"Kituo gani hicho?" Bernadina aliuliza.

Wakamtajia. Ndicho alichokuwepo Salome.

Salome ni binti yake wa pekee. Kwenye simu ya mwisho alikuwa amelalamika kwamba miguu imevimba, kiuno kinamuuma na chakula hakipiti kooni. Bernadina alimjibu kuwa ndivyo ilivyo mwanzoni, hata yeye asingekubali kama angeambiwa mapema. Walicheka wote wawili. Sasa kicheko kile alikuwa anakisikia vibaya.

Kulipokucha akapika uji wa ulezi, akaujaza kwenye chupa ya chai, akakunja kanga mbili, akapanda basi mpaka Korogwe, la pili mpaka Handeni, akamalizia na bodaboda. Ukimuuliza njiani aliona nini, hajui.

Getini alikuwepo mlinzi, kijana mpole anaitwa Hashim.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Namtafuta Salome wa Magoma. Mimi ndiye mama yake."

"Yumo chumba cha uzazi tangu jana jioni. Kwa sasa hawezi kutoka."

"Mkubwa gani yuko naye humo?"

Hashim akajikuna shingo. "Inchaji ameondoka na gari la wagonjwa, kuna mama mmoja hali yake imebadilika, wamemkimbiza hospitali. Na yule nesi mwingine mkubwa yuko semina mjini. Wakubwa ndio hao hao wawili, mama."

"Kwa hiyo mwanangu yuko peke yake."

"Mungu yupo," alisema Hashim, akashika geti lililokuwa wazi tayari, akalifungua tena.

Nje ya chumba cha uzazi kulikuwa na benchi, na kwenye benchi mama mmoja wa Kwedizinga, Mwanaisha, amejifunga kitenge kiunoni kama anayekwenda kupigana. Alimsogezea Bernadina nafasi.

"Wangu anaitwa Ikram, yumo tangu alfajiri," alisema. "Wako je?"

"Tangu jana."

"Jana! Pole mama. Wamempa maji hata?"

"Sijui."

"Hawa watoto wetu, wakiingia mle wanaita mama, wakitoka wanatuita bibi. Sisi ujana wetu unaishia kwenye benchi hili." Mwanaisha akacheka, halafu akashusha sauti. "Ila yule nesi aliyempokea sikumpenda. Kitoto kabisa. Mikono inamtetemeka kama aliyenyeshewa."

"Labda amezidiwa. Wakubwa wake wameondoka."

"Si angekataa? Mimi leo uniambie niendeshe basi la Tanga, nitakaa kwenye usukani?" Mwanaisha akageuka kumtazama vizuri. "Sikiliza nikwambie. Ikram wangu akipatwa na lolote, nitamtafuta mama aliyemzaa yule msichana, nimuulize alizaa nini."

Bernadina akamimina uji kwenye kifuniko cha chupa. Ulimwagika kidogo kwenye kidole, wa moto, na hakusikia kitu.

"Kunywa, mama."

"Uji wa mzazi huu! Si umuwekee mwanao?"

"Upo mwingi. Kunywa wewe."

Mwanaisha akanywa. Kule ndani ndoo ikaanguka. Sauti ya mtu aliyekuwa akilia kwa uchungu ikapanda, ikashuka, ikapotea. Kisha ikaja sauti nyingine, nayo Bernadina aliijua tangu ikiwa changa. Ilikuwa inamwita inchaji. Iliita hivyo kwanza, kisha ikaita "dada," mwisho ikaita "mama" tu.

"Huyo siye wangu," alisema Mwanaisha.

"Ni wangu."

"Nenda basi hata ugonge mlango!"

Bernadina alitaka kwenda. Hakwenda. Alikaa akitazama rangi ya mlango ilivyobanduka, akawaza kwamba wangeupaka upya.

Kichanga kikalia.

Mwanaisha akaruka juu, kigelegele kikamkwama nusu. "Mjukuu wa nani huyo? Wangu au wako?"

"Wako."

"Umejuaje?"

Bernadina akafunga chupa. Mtoto aliendelea kulia, na hapakuwa na sauti ya mtu mzima iliyomnyamazisha. Mlango ukafunguliwa polepole.

Basi, mama mwenzangu uliye na binti, mambo ya kuepuka ni haya.

Usimwache aende kituo ambacho wewe mwenyewe hujakitia machoni.

Usitulizwe na mtu wa getini. Huyo hajaingia ndani.

Usikubali maneno ya "huyu binti yako ni hodari." Wakimsifu hivyo, uliza wakubwa wamekwenda wapi na wanarudi lini.

Usikae kimya kwenye benchi. Piga kelele, mwite mwenyekiti, mwite diwani, mwite yeyote mwenye simu ya mganga mkuu.

Na binti yako akitoka na lile gauni lake la wanafunzi wa uuguzi limelowa damu mpaka magotini, akakujia mbio, usimkumbatie mbele ya mama wa marehemu.